Mstari wa Mwisho

Mvua ya Ruai haibishi hodi.
Jumanne usiku ilitokea upande wa Donyo Sabuk,
ikayapiga mabati hadi sauti ya redio ikazama,
na asubuhi udongo mweusi, uliokuwa na nyufa
za kumeza mkono hadi kiwiko,
ulikuwa umefumba kinywa.

Sasa unang'ang'ania.
Kila hatua unadai kiatu.
Wanza amezifunga gambuti zake kwa kamba ya katani,
Nanjala kaja pekupeku, anacheka,
nami niko katikati na beseni la miche
nililolifunika gunia kama mtoto wa wiki mbili.

Tunaanza na sukuma wiki.
Shimo, ngumi ya samadi, mche, kidole gumba.
Shimo, samadi, mche, kidole gumba.
Maji yanatutangulia, yanayajaza mashimo
kabla hatujayafikia,
miche inaelea.
"Chimbeni mfereji kwanza," asema Wanza,
"tunapanda mboga, si mpunga."

Mwenye ploti alikuja Jumapili na mpima ardhi.
Hakushuka garini. Aliteremsha kioo kidogo tu,
kiasi cha kupitisha maneno:
vuneni hadi Juni, Julai naleta mawe.

Basi tangu Jumapili tunahesabu.
Terere, mwezi haufiki: imo.
Dania, mwezi na nusu: imo.
Sukuma, wiki nane, tukianza kuchuma mapema.
Kunde kwa majani yake, punje tusahau.
Vitunguu, miezi minne.
Hapo Wanza alikunja vidole alivyokuwa akihesabia
akaenda kunoa jembe
lililokuwa limenolewa.

Saa tisa mvua inarudi, nene,
haina hata adabu ya kuanza na manyunyu.
Nanjala anakimbilia chini ya turubai.
Nanyoosha mgongo, natazama nyuma:
Wanza amepiga magoti kule mwisho, penye ua wa waya,
mfuko wa mbolea kichwani mithili ya kofia,
anachomeka vitu vyembamba kama nyuzi,
kimoja, kidole gumba,
kingine.

"Wanza, nini hiyo?"
"Nyasi," anajibu, hageuki.

Harufu ya kitunguu ilinifikia
hata ndani ya mvua ile.
Nikatua beseni, nikaenda kumshikia miche.
Gambuti yangu ya kushoto ilibaki nyuma, wima,
ikijaa maji.