Mkono wa Effie Geddes

Mvua ya Dundee haishuki, inakwenda upande
kama mtu anayetafuta namba ya nyumba.
Effie Geddes kapanda ngazi sitini na mbili,
mfuko wa duka la nyama kwapani,
na ndani ya mfuko, kimeviringwa taulo la jikoni,
kidude cheusi chenye vitufe vya mpira.
"Kimekufa," akasema. "Na usiniambie
nikizime kisha nikiwashe."

Nilikuwa naelekea huko huko.
Ndiyo dua yetu sisi wagonjwa wa mashine:
zima, hesabu kumi, washa.
Huponya kuliko tunavyokiri mbele za watu.

Mezani pangu hapana pa kuweka kikombe.
Feni tatu zisizo na mwenyewe,
kisahani cha skrubu (kila nikimaliza kazi
hubaki mbili, na kompyuta inawaka vilevile),
diski ninayoapa nitaikagua mwaka huu.
Mishi, mke wangu, anasema nyaya zangu huzaana usiku.
Sibishi. Asubuhi nakuta mmoja wenye kichwa nisichokijua,
nautia sandukuni na wenzake.
Waya ukiutupa leo, kesho utauhitaji:
hilo nimefunzwa na pipa la taka.

Jina langu Mwinyikai. Effie alilikata siku ya kwanza,
akabakisha Kai,
faili lililobanwa lipite pembamba.
Sijalifungua tena. Linafanya kazi.

Nikakifunua kidude. Vumbi la miaka arobaini,
unywele wa paka aliyekwisha kuzikwa,
na kapasita moja iliyotokwa jasho
ikala njia ya shaba.
Nikawasha pasi ya kulehemu. Nikavaa miwani juu ya miwani.
Mkono nao ukaanza mambo yake:
umri, kahawa, kutazamwa.
Tone la risasi likaanguka pasipo pake.
Nikalifuta. Likarudi pale pale.

"Nipe," Effie akasema.

Miaka sita tunasalimiana ngazini.
Najua goti lake. Najua nywila yake ya intaneti
(jina la paka na mwaka wa goti).
Sikujua kwamba alikuwa binti wa miaka kumi na tisa
kwenye kiwanda cha saa,
na saa zilipokosa wanunuzi wakaletewa vidude hivi,
wanawake mstari mzima,
na msimamizi akipita nyuma yao, macho ukutani.

Hakuvaa miwani. Aliishika pasi kama wanja.
Gusa, moja, ondoa.
Gusa, moja, ondoa.
Kiungo kikang'aa kama kifungo cha shati jipya.
"Hatukuambiwa ni vya nini," akasema.
"Kumbe watoto walikuwa wakivikeshea."

Mimi mmoja wao, nikamwambia. Tanga,
kwa mjomba wangu fundi redio,
kaseti ikilia kama mbuzi aliyebanwa na mlango,
dakika tano hatupumui,
kisha kosa, kisha tunarudisha utepe mwanzo.
Akaacha kulehemu. "Kilidumu?"
Miaka tisa.
"Basi huenda kilikuwa changu.
Kingekufa mapema, kilikuwa cha Jean Ogilvie."

Tukakiunga kwenye televisheni ya chumbani.
Kijivu. Kijivu. Halafu pembeni, chini,
kishale: kikawaka, kikazima, kikawaka.
Hakikutaka nywila. Hakikutaka kusasishwa,
wala kujua kama nimeyasoma masharti nikayakubali.
Kilingoja tu.

Effie akajifuta vidole kwa taulo la jikoni,
akaandika jina lake, herufi moja moja.
Mashine ikajibu kwamba haielewi.

"Miaka yote hii," akasema,
akavuta kiti.