Sanduku la Chuma

Kila Jumatatu nafungua sanduku la chuma
lililochimbiwa mwanzo wa njia,
pale lami inapokoma na misonobari inapoanza.
Kufuli huganda hata mwezi wa sita;
nalipumulia, nalisugua, nalibembeleza.

Ndani, bahasha. Dola tano kwa gari, bango lasema.
Wako watiao tano, wako watiao mbili na senti za kuchacharika.
Mmoja alitia kifungo cha shati.
Mwingine karatasi: "Nimesahau pochi. Nitarudi."
Alirudi, Septemba, na kumi.

Nazihesabu juu ya boneti, jiwe juu ya noti zisipeperuke,
na kwa kweli sioni noti.
Naona karatasi za choo, katoni nne.
Naona lori la kunyonya vyoo likipanda mlima kwa gia ya kwanza,
na Thaddeus, dereva wake, anayetoza hata harufu.
Naona mnyororo mpya wa msumeno,
maana kila kipupwe upepo hulaza miti njiani,
na mti ulioanguka haujui likizo ya mtu.

Watu husema cha wote hakina mwenyewe.
Mimi nimekiosha cha wote, kwa brashi, kwa magoti.
Kina mwenyewe.

Orrin Lundquist halipi.
Miaka kumi na miwili analipita sanduku
kama mtu apitaye duka analodaiwa.
"Babu yangu alivua samaki hapa bila risiti," husema, hasimami.
"Kodi nalipa. Nilipe tena kukanyaga changu?"
Swali lina mifupa; silicheki.
Wala sikumwambia kuwa bibi wa bibi yangu, Mnimiipuu,
alichimba viazi mwitu katika bonde hili
kabla neno "changu" halijafika na magari ya farasi.
Nilisema tu: "Angalia daraja, Orrin.
Theluji mwaka huu imeyeyuka kwa hasira."

Na iko siku nyingine, sijaiandika kwenye ripoti.
Gari lenye mlango wa rangi ngeni lilisimama mbele ya bango.
Mama akahesabu sarafu pajani, watoto watatu wakimtazama mikono,
kisha akarudisha gari nyuma.
Nilikimbia, nikagonga kioo: "Leo ni bure!"
Haikuwa bure. Nilitia tano yangu baadaye, wamekwisha kupita.
Sanduku halina macho.
Tano ni chenji kwa huyu, kwa yule ni ukuta,
na asiyeliona hilo asipewe ufunguo.

Mwezi wa tano mto uliling'oa daraja.
Ulilibeba zima, kama mhamaji abebavyo kitanda.
Tukanunua mbao kwa bahasha za Agosti iliyopita:
watu waliokwisha rudi makwao, Boise, Spokane, sijui wapi,
wamesahau hata rangi ya ziwa,
pesa yao ikasimama majini hadi kiunoni, pamoja nasi.

Orrin akaja na mjukuu wake, Maren, miaka saba.
Mtoto akavuka akihesabu mbao kwa sauti, moja, mbili,
harufu ya utomvu bado mbichi,
maji yakinguruma chini ya viatu vyake vyekundu.
Mzee alisimama katikati. Akaruka kidogo, kupima.
Akapiga goti, akaweka kiganja juu ya ubao.
"Nani kalipa?" akauliza.
Nikataja kifungo cha shati.
Hakucheka. Walikwenda ziwani, wakarudi jioni, sikuagwa.

Jumatatu, kufuli, pumzi, ufunguo.
Bahasha moja ilikuwa nzito kuliko pesa.
Hamna dola ndani yake, hata senti.
Misumari sita, ile isiyoshika kutu,
na mwandiko wa penseli uliobanwa mpaka karatasi ikatoboka:
"Ubao wa kumi na tatu umelegea.
Maren ndiye aliyeugundua.
Jumamosi nakuja na nyundo. Usinipe risiti."