Pipa la Kabichi

Nilihesabu kengele kumi na nane.
Mama akasema kumi na tisa, hesabu tena:
moja imo tumboni mwa nyingine,
imegandishwa na kutu ya kijani tangu baba afe
na kondoo wakauzwa.

Nilikuwa nimepanda milima kutoka Plovdiv
na kopo la dawa ya kung'arishia,
matambara sita, na msasa laini uliokunjwa mfukoni.
Mnunuzi angekuja Jumamosi.
Anazitaka ziwake, alisema kwenye simu,
azitundike hotelini, watalii wapige picha.

Mama akalipokea kopo,
akaliweka juu ya kabati, nyuma ya picha ya baba,
pale pa vitu visivyohitajika wala kutupwa.
"Msasa unakula sauti," akasema.
"Mwana wa Stamen alisugua kengele moja tu
na baba yako akamfukuza kazi.
Ilikuwa ikiitikia ya tatu. Alipomaliza kuisugua
ikawa haimwitikii mtu."
Kisha akanionyesha mikono,
baridi yabisi imevivimbisha vifundo vya vidole
kama tangawizi.
"Na hii haisugui tena."

Chini ya ngazi, ghalani, liko pipa la buluu, la plastiki,
lililotulisha kabichi chachu tangu Novemba.
Kabichi imekwisha. Yamebaki maji,
mazito kidogo, makali, na harufu
inayomfanya mgeni aage mapema.

"Humo," akasema.

Tukazitumbukiza moja moja kwa kamba.
Hakuna kilichochemka. Hakuna moshi.
Nikasimama na mikono yangu mizima, haina kazi,
na kusimama huko kukanichosha kuliko kulima.

"Kalale."
"Halafu?"
"Halafu uamke."

Sikulala. Saa nane za usiku nikashuka na tochi.
Kiputo kilitoka mdomoni mwa kengele kubwa,
kikakaa, kikapasuka.
Baadaye sana, kingine.
Kijani kilikuwa kikijivua chenyewe,
pasipo mtu kukiambia kivuke.

Nikamkumbuka baba mezani.
Kumwuliza jambo ilikuwa kulifunga.
Mama hakumwuliza. Alimwekea supu,
akakaa upande wa pili akichambua maharage,
na mara mbili kwa mwaka, labda tatu,
yule mzee alifungua kinywa
akataja jina la kaka yake aliyebaki kwenye theluji.

Siku ya pili jioni tukazitoa.
Njano ya siagi, si ya dhahabu.
Ile iliyokwama ilitoka kwa kidole kimoja.
Tukazisuuza kwa maji ya magadi
ili ule ukali usiendelee kula,
tukazipanga ukutani juani.
Kumi na nane.

Ya kumi na tisa, ile ndogo, ilibaki pipani
mpaka Jumamosi asubuhi.
Ilikuwa imegeuka waridi, kama ufizi.
"Shaba ya njano ikizidi kukaa huwa hivyo," mama akasema.
"Niliisahau."
Mwanamke huyu anakumbuka bei ya mkate
ya mwaka niliozaliwa.

Mnunuzi alikuja na viatu safi, akainusa moja.
"Zinanuka nini?"
"Chakula," mama akajibu.
Akalipia kumi na nane.
Ile ya waridi aliisogeza kando kwa ukucha.

Sasa inaning'inia mlangoni mwa ghala.
Kopo langu bado liko nyuma ya picha, halijafunguliwa.
Jumapili nikipiga simu, mama hushuka nayo simu
kuchota kabichi ya mchana,
na kabla hajasema neno naisikia kengele ile ndogo
ikiita,
kisha kimya kifupi,
pale ambapo ya tatu ingejibu.