Laini ya Tisa, Kilembe

King'ora kilinyamaza mwaka niliong'oka meno ya utoto.
Baba, Thembo, akarudi na kofia yake ngumu,
akaitundika msumarini, akasema: kesho.

Shaba ilishashuka kwa reli hadi Jinja.
Kwetu ilibaki lugha, Kiswahili cha shimoni
kilichofinyangwa na Wakonzo, Waluo, Wanyarwanda:
shika, vuta, mwamba unalia, toka!
Mpaka leo mama hutuamsha kwa amri za mnyapara.

Halafu mto.
Nyamwamba haukuwahi kuandikwa kazi,
lakini ndio uliokuja kudai mshahara.
Usiku mmoja ulibeba jiko, mbuzi wawili,
mlango wenye namba yetu,
ukaacha mawe kama ng'ombe waliolala
pale kilipokuwa kitanda cha baba.
Yeye alikuwa kilioni, ng'ambo ya daraja.
Daraja nalo likaenda.

Tumejenga tena, juu kidogo. Si mbali. Twende wapi?

Binti yangu Kabugho huokota vijiwe vya kijani ukingoni,
huvipanga dirishani, kilichofifia mpaka kilichokolea.
Namkataza kulamba vidole.
"Kwani babu alikuwa anachimba rangi?"

Nilitaka kumjibu.
Nikainamia ile kofia, siku hizi iko chini, pembeni mwa jiko,
ndani yake mayai manne
na ukanda wa ngozi bado una chumvi ya kichwa chake.
Nikanyoosha mkono niuguse.
Kuku akanidonoa.