Barabara ya Tano

Shangazi Mwanjaa ameshona miaka thelathini na minne
pale Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
na hajawahi kutia mkasi kitambaa cha mtu
kabla ya kumpima.

Damu ilirudi akiwa na sitini na mitatu,
damu iliyokwisha kuaga zamani.
Aliificha kwa vipande vya kanga kuukuu,
akasema ni joto, ni kukaa sana kitini.
Miezi saba. Tulikula kwake kila Ijumaa
wala hatukuuliza nani anafua usiku.

Bombo wakamtoa kizazi. Kinyama kikapelekwa Dar,
majibu yakarudi na jina refu
ambalo daktari kijana alilikata:
"Hii ni ile kali, mama. Haingoji."
Akachora mstari nyuma ya karatasi ya dawa,
unaanzia juu, unashuka vidato vidato.
"Mwaka wa kwanza wanabaki hawa. Wa tatu, hawa.
Wa tano..."
Kalamu ikasita.

Shangazi akavaa miwani yake ya kutungia uzi.
"Kumbe ni kama barabara zetu.
Wengi huishia ya Pili."
"Ndiyo, mama."
"Na mimi, katika hawa, ulinipima lini?"

Daktari akacheka, kisha hakucheka.
Akasema zamani mstari ulishuka kama jiwe;
siku hizi dripu zimeuinua kidogo,
kidogo sana, asimdanganye,
labda sentimita.
"Sentimita!" Shangazi akamtazama.
"Baba, kuna magauni ya arusi yaliyokataa kufunga
kwa nusu yake."

Dripu sita. Mionzi, basi la alfajiri kwenda Dar,
nywele zikidondoka mapajani pamoja na nyuzi.
Jirani yake wa kitanda, Bi Nangoma wa Pangani,
hakuiona Barabara ya Pili.
Aliacha blauzi ya binti yake haina mikono.
Shangazi aliimalizia, akaituma,
hakusema kitu siku mbili.

Sasa ni mwaka wa tatu na miezi minne.
Nyayo zimeingia ganzi, pedali haihisi tena,
anaendesha cherehani kwa kusikiliza.
Jana nilianza, kwa vidole, chini ya meza:
ya Tatu, ya Nne...

"Wewe," akasema bila kugeuka,
"acha kunihesabia.
Shika upande huo. Nyoosha."