Hesabu za Alhamisi, Ruwi

Wiki hii nimeuza vitabu ishirini na sita.
Kumi na moja vya mapishi na vya kupunguza unene,
na wanunuzi, wallahi, ni wale wale.
Kimoja cha tafsiri za ndoto, kikarudishwa Jumatatu,
eti aliyoiota haimo.

Habari hunifikia kwa simu ya Mundhir,
mwana wa dada yangu, anayefuata orodha za tuzo
kama wenziwe wafuatavyo mpira:
sita wameingia, mmoja tu anaandika Kiswahili,
na cha huyo mmoja sinacho.
Nilikiagiza Machi. Kasha limelala forodhani Sohar
likimngoja mtu wa kulipigia muhuri,
naye yuko likizo Salala, anakula manyunyu.
Mwandishi miaka saba, muhuri wiki kenda.

Kuna msichana wa Barka kajirekodi akilia,
nukta ishirini, kitabu kifuani.
Tangu hapo naulizwa kile cha kulia, chenye jalada la samawati.
Cha nani? Hawajui. Kinahusu nini?
Kinaliza.

Na amefariki mtunzi mmoja wa riwaya, wa upande wa Pangani.
Miaka kumi na minne alikaa kwangu rafu ya chini,
jirani na ndoo inayokinga maji ya kiyoyozi,
majalada yakijikunja kama chapati ya jana.
Jumapili saa tatu asubuhi wakaja watano.
Wote wana huzuni, wote wanataka punguzo.
Wanne nikawapa nakala zote nne.
Wa tano akauliza: Hajatoa kingine?

Wasema huku Muskati Kiswahili hakisomwi tena,
kimebaki cha kugombezea watoto na kuhesabia shanga.
Nami nimepata kulisema,
siku ya bili ya umeme.

Jana, baada ya Alasiri, kaingia Bi Shinuna,
macho yamemwingia ukungu,
mkono begani kwa mjukuu wake Lujaina,
wa darasa la nne, skuli ya Kiingereza.
"Nipe cha hadithi," akasema, "chenye umbea ndani."
Nikampa. Mtoto akakifungua, akaanza kusoma
palepale, kwa sauti, bila haya.
Herufi anazijua, maneno hayajui.
Ng'ombe kamvunja vipande viwili kama biskuti,
mkwe kammeza, akamtema.
Mwenye macho haelewi,
mwenye kuelewa haoni,
na mie katikati nimeshika chenji ya mtu.

Ukurasa wa tatu bibi akaangua kicheko,
akajishika kwenye meza, kikokotoo kikaanguka.
"Rudia hapo! Rudia pale alipoingia mvunguni!"
Mtoto akauliza kwa Kiarabu: Nani kaingia? Mvunguni ndiyo wapi?
Bibi hakutafsiri. Kamkamata shingo,
kamwinamisha mpaka chini ya meza yangu:
giza, nyaya, viatu vyangu vya akiba,
na paka Bisbas kalala juu ya risiti za mwaka juzi.
"Hapo ndipo alipo bwana arusi," akamwambia.
Mtoto akacheka. Kachelewa, lakini kacheka,
na kwa muda wakawa wanacheka wote wawili
yeye akiwa bado yumo mvunguni.

Riyali mbili na nusu. Nimewaachia kwa mbili.

Sasa nimekaa na daftari.
Safu ya vitabu: kimoja. Hiyo nyepesi.
Safu ya wasomaji sikuwahi kuichora,
miaka yote hii ya biashara.
Nikachukua rula, nikaichora,
kalamu ikasimama juu ya mstari:
niandike mmoja, au wawili?

Simu inalia. Mundhir. Mshindi katangazwa,
hutaki kumjua?
Ngoja kwanza, mwanangu.
Ndoo imejaa, nikamwage maji.