Wodi ya Nane

Mguu wa Ackroyd ulibaki chumba cha upasuaji,
nywele zangu zilibaki juu ya mto.
Jumanne, mvua ikilipiga dirisha la Hull,
alifungua daftari: “Eulalia, nifundishe Kihispania,
kile cha nyumbani, si cha shule.”

Kwetu Zamora, nikasema, kazi rahisi ni mkate ulioliwa.
“Kwetu ni kipande cha keki.”
Mvua yangu ya mitungi, yake ya paka na mbwa.
Na kitu ghali?
Kwetu hugharimu jicho la usoni.
“Kwetu, mkono na mguu...”
Akaipapasa shuka pale ilipolala bapa.
“Basi mimi nimeshalipa nusu.”

Sikujua nicheke au niombe radhi.
Nikakimbilia swali jingine:
mtu akikufanyia mzaha, mwasemaje?
Akanitazama kwa muda.
“Ananivuta mguu.”

Nikafungua kilemba changu, polepole.
Sisi twasema: ananichukua nywele.

Dripu ikadondoka mara tatu, nne.
Kisha kikatutoka kicheko, kikatukamua machozi,
hata muuguzi akaja mbio akiuliza nani anaumwa.

Tukatazamana. Daftari lilikuwa wazi.
Tulikosa msemo.